Kushiriki utafiti Marekani ukiwa huna makaratasi: jina lako linabaki kwenye kabati la nani?

Mkalimani

Wanajukwaa, habari zenu. Uzi huu ni mrefu, na nimeuandika baada ya kuulizwa swali lile lile mara nyingi mno. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mji mmoja wa katikati ya Marekani. Kazi hunipeleka kliniki, mahakamani na, kwa miaka ya karibuni, kwenye miradi ya vyuo vikuu inayotafuta washiriki miongoni mwa watu waliotoka Afrika Mashariki na Kongo. Swali lenyewe haliulizwi ndani ya chumba cha mahojiano. Huulizwa nje, kwenye maegesho ya magari, kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, mimi sina makaratasi. Hawa watu wa utafiti, naruhusiwa kuwajibu?"

Jibu la kwanza ni jepesi. Hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayomkataza mtu asiye na makaratasi, yaani asiye na kibali cha kuishi nchini, kushiriki utafiti. Kanuni za kuwalinda washiriki, ambazo mashirika mengi ya serikali hiyo yalizipitisha kwa pamoja mwaka 1991, zinamtaja mtu aliye hai ambaye taarifa zake zinakusanywa, hazimtaji raia. Mradi unaweza kuwa na masharti yake ya umri, ugonjwa au mahali unapoishi, lakini kamati ya maadili ya utafiti, ambayo lazima iupitie mradi kabla haujaanza, hutakiwa pia kuangalia kama washiriki wanateuliwa kwa haki.

Jibu la pili ndilo lililonifanya niketi kuandika. Cha kuulizia si ruhusa, bali ni karatasi ngapi zitakazobeba jina lako, na kila moja itakaa kwenye kabati la nani. Wengi wetu tunaogopa maswali ya mtafiti. Nilivyoona mimi, majibu unayompa mtafiti mara nyingi ndiyo yenye ulinzi kuliko kitu kingine chochote katika shughuli nzima, ilhali fomu ya malipo, ambayo watu huijaza haraka haraka wakiwa wameshasimama na koti mkononi, haina ulinzi huo.

Nianze na Denver, maana bila mfano wa aina hii mtu atauliza kwa nini ajisumbue hata kidogo. Katika sehemu nyingi za nchi hii, mtu asiye na makaratasi ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi hawezi kulipiwa na bima ya serikali usafishaji wa damu wa kawaida, ule wa mara tatu kwa wiki. Sheria ya mwaka 1986 inailazimu hospitali kumhudumia mtu aliye katika hali ya dharura, basi mgonjwa husubiri nyumbani mpaka maji yamjae mapafuni au potasiamu impande kiasi cha kuutishia moyo, ndipo akimbilie mapokezi ya dharura, asafishwe damu, arudi nyumbani na kuanza kusubiri upya. Daktari Lilia Cervantes, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa namna hiyo Denver, aliketi na 20 kati yao na kuwauliza maisha yao yakoje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Walimweleza habari za kuishi na hofu ya kifo isiyopoa, na jinsi watoto wao walivyoumia kwa kuwaona wakizidiwa kila wiki. Mwaka 2018 yeye na wenzake walilinganisha wagonjwa wa Denver na Houston, waliokuwa wakisubiri dharura, na wale wa San Francisco, waliokuwa wakipata huduma ya kawaida. Katika miaka mitano, hatari ya kufa kwa wale wa dharura ilikuwa mara 14 zaidi. Mwaka 2019 jimbo la Colorado lilibadili utaratibu wake, na usafishaji wa kawaida ukaanza kulipiwa.

Wale 20 hawakuwa na kura wala mbunge. Walichokuwa nacho ni saa chache za kuzungumza na daktari, na majina yao hayamo katika makala yoyote.

Mifano mingine ipo. Katika bonde la Salinas, California, watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley waliandikisha wajawazito 601 katika miaka ya 1999 na 2000, wengi wao wakiwa wa familia za vibarua wa mashambani waliotoka Mexico, wakawafuatilia wao na watoto wao kuona athari za viuatilifu. Matokeo yao yakawa sehemu ya ushahidi katika mjadala ulioishia kwa California kutangaza mwaka 2019 kupiga marufuku kiuatilifu cha klopairifosi. Wizara ya Kazi nayo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuwahoji vibarua wa mashambani nchi nzima na kuwauliza waziwazi kama wana makaratasi; kwa miaka mingi karibu nusu yao wamejibu kwamba hawana. Na mwaka 2015 watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha California kilichopo Los Angeles, walichapisha matokeo ya hojaji ya mtandaoni iliyojibiwa na wanafunzi 909 wa vyuo wasio na makaratasi kutoka majimbo 34, waliozaliwa katika nchi 55 mbalimbali. Wanaodhani kwamba tafiti hizi ni za watu wa Mexico peke yao waitazame tena namba hiyo ya nchi.

Sasa nirudi kwenye kabati.

Karatasi ya kwanza ni fomu ya ridhaa. Watu wengi hawajui kwamba kanuni zenyewe zinairuhusu kamati ya maadili kuondoa sharti la kutia sahihi, endapo fomu hiyo ndiyo kitu pekee kitakachomuunganisha mshiriki na utafiti, na hatari kubwa ya utafiti ni siri kuvuja. Maneno hayo ni kana kwamba yaliandikwa kwa ajili yetu. Mtafiti anayeielewa kazi yake atakuwa ameshaomba ruhusa hiyo kabla hajakuona: atakusomea maelezo, utakubali kwa mdomo, naye ataandika namba tu mahali pa jina lako. Akikwambia kwamba ni lazima uandike majina yako matatu na anwani kwa ajili ya mahojiano ya nusu saa kuhusu maisha yako ya uhamiaji, muulize kwa upole kwa nini hakuomba msamaha wa sahihi. Jibu lake litakuonyesha kama aliwahi kuwafikiria watu wa hali yako.

Ulinzi wa pili unaitwa cheti cha usiri. Ulianza mwaka 1970 kwa ajili ya tafiti za dawa za kulevya, kwa hoja kwamba hakuna mtumiaji atakayesema ukweli ikiwa polisi wanaweza kuyachukua majibu yake. Miaka mitatu baadaye ulipelekwa mahakamani New York, polisi walipotaka picha za wagonjwa wa kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ili wamtambue mshukiwa wa mauaji. Mkurugenzi alikataa kuzitoa, na mahakama ya juu ya jimbo ikamuunga mkono. Tangu tarehe 1 Oktoba 2017, kila utafiti unaogharamiwa na Taasisi za Taifa za Afya, NIH, na unaokusanya taarifa nyeti zinazoweza kumtambulisha mtu, hupata cheti hicho bila kukiomba. Mtafiti aliye nacho hapaswi kutoa taarifa zako katika kesi, hata akiitwa kwa hati ya mahakama, isipokuwa wewe mwenyewe umeridhia. Mipaka ipo pia: sheria za kuripoti ukatili dhidi ya watoto au magonjwa fulani ya kuambukiza hubaki palepale, na cheti hakikulindi dhidi ya yale uliyoyasimulia mwenyewe kwa jirani.

Utafiti usio na cheti ni jambo lingine. Chuo cha Boston kilianza mwaka 2001 kukusanya simulizi za wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini, nao wakaahidiwa kwamba kanda zao hazitafunguliwa wakiwa hai. Mwaka 2011 serikali ya Marekani, kwa maombi ya Uingereza, ilizidai kanda hizo kwa hati ya mahakama, na baada ya kesi ndefu baadhi zilikabidhiwa polisi. Waliotoa ahadi walikuwa wameahidi kitu ambacho sheria haikuwapa uwezo wa kukitimiza. Kwa hiyo mtafiti akikwambia "usijali, ni siri," muulize siri hiyo imesimama juu ya nini.

Karatasi ya pili ni ya malipo, na hapa naomba msome taratibu. Fedha anayopewa mshiriki kwa kawaida haihesabiwi kuwa mshahara, hivyo hoja ya kibali cha kazi si ya kwanza hapa. Lakini ni kipato kinachotozwa kodi, na kwa miaka mingi taasisi iliyomlipa mtu dola 600 au zaidi kwa mwaka ilitakiwa kuripoti kwa mamlaka ya kodi. Kuanzia malipo ya mwaka 2026 kiwango hicho kimepandishwa hadi dola 2,000. Tatizo ni kwamba ofisi za fedha za vyuo vingi hudai namba ya soshali, yaani ya hifadhi ya jamii, hata kwa dola 25, kwa sababu ya taratibu zao za ndani. Mtafiti anaweza kuwa amekulinda kwa namba na msamaha wa sahihi, kisha mhasibu aliye jengo jingine akaandika jina lako, anwani yako na kichwa cha utafiti chenye maneno "wahamiaji wasio na makaratasi" katika safu moja. Niliwahi kuiona orodha ya namna hiyo kwa macho yangu, katika mradi ambao sitautaja. Mtafiti mwenyewe hakuwa na habari.

Wapo wenye namba ya mlipakodi, ITIN, ambayo mamlaka ya kodi imekuwa ikiitoa tangu 1996 kwa wasioweza kupata soshali. Zamani nilikuwa nikiwaambia watu waitumie bila wasiwasi. Tangu Aprili 2025, mamlaka hiyo ilipotia sahihi makubaliano ya kuwapa maofisa wa uhamiaji taarifa za walipakodi, makubaliano ambayo yamepingwa mahakamani, sithubutu tena kusema "bila wasiwasi". Ulizia malipo kabla ya kuanza: je, kuna kadi ya zawadi isiyohitaji jina? Je, naweza kushiriki na kuyakataa malipo? Na jambo moja lisilo na mjadala: usitoe namba ya soshali ya kubuni wala ya binamu yako. Hilo ni kosa la jinai, na litakuletea shida kubwa kuliko kukaa bila makaratasi.

Limebaki suala la kuumia. Katika majaribio ya dawa, sheria ya serikali kuu haimlazimishi mwenye utafiti kumfidia mshiriki aliyedhurika. Inamlazimisha tu kueleza kwenye fomu kama fidia au matibabu yapo. Mwenye bima akidhurika, bima yake huenda ikasaidia. Asiye na makaratasi haruhusiwi hata kununua bima kwenye soko la bima la serikali kuu. Basi itafute aya yenye neno "kuumia" na uisome kabla ya kitu kingine chochote. Ikisema gharama zitaelekezwa kwako au kwa bima yako, nawe huna bima, maana yake ni wewe. Fomu haiwezi kukunyang'anya haki ya kushtaki; kanuni zinakataza maneno ya namna hiyo, na ukiyaona ujue hapo pana kasoro. Majaribio ya awali ya watu wenye afya, yale ya kulala kituoni siku kadhaa kwa malipo makubwa, mimi binafsi sikushauri uyaingie. Huomba kitambulisho, mengine hutumia mifumo ya kuhakiki kwamba hushiriki kwingine, na dawa yenyewe haikutibu chochote.

Mama Zawadi

Asante sana kaka Mkalimani, Mungu akubariki. Mimi nilialikwa kwenye utafiti wa shinikizo la damu hapa Columbus. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na moja, na yule binti aliyenipokea akasema mwanangu wa miaka kumi na minne anitafsirie. Mtoto alifika ukurasa wa tatu akanyamaza. Nikaona haya, nikatia sahihi. Je, nimeshafungwa na sahihi hiyo?

Mkalimani

Dada Mama Zawadi, hujafungwa. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu na bila kupoteza huduma unayostahili. Kanuni zinataka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mshiriki, na upo utaratibu wa fomu fupi: ukurasa mmoja au miwili wa Kiswahili unaoeleza haki zako, maelezo mengine ukasomewa na mkalimani, na shahidi akiwepo. Vyuo vingi vina fomu hiyo ya Kiswahili tayari kwenye faili, ila hakuna aliyekumbuka kuichapa. Kumtumia mtoto ni kosa kwako na kwa mtoto mwenyewe, kwa maana sasa anayajua mambo ya mwili wa mama yake ambayo wewe hukuchagua kumwambia. Mwisho wa fomu kuna namba ya simu ya kamati ya maadili. Si namba ya mtafiti, ni ya wanaomsimamia mtafiti. Ipige, uombe mkalimani.

Mbeba Boksi

Mkuu, nakuheshimu, lakini uzi huu ungefaa mwaka 2016. Januari 2025 waliondoa ule utaratibu uliowazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu hospitalini, shuleni na makanisani. Juni mwaka huo huo taarifa za wagonjwa wa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) wa California, Illinois na Washington zilikabidhiwa wizara inayosimamia uhamiaji. Watu wale nao waliambiwa kwamba habari zao ni za matibabu tu. Wewe unamwambia mtu aliyejificha miaka kumi na miwili akajibu hojaji kwa kadi ya dola 40?

Mkalimani

Ndugu yangu, uliyoyataja ni kweli, na sitayapunguza. Naomba tu tutenganishe makabati. Taarifa za Medicaid zilikuwa mikononi mwa serikali yenyewe, zikiwa na majina na anwani, na wizara moja ikaipa nyingine. Hojaji isiyo na jina iliyo katika kompyuta ya mtafiti ni kitu tofauti: hata akilazimishwa kuitoa, atatoa namba 017 iliyosema kwamba hailali usiku. Ndiyo maana narudia kwamba usilinganishe taasisi kwa uzuri wa maneno yake, linganisha kwa kiasi cha taarifa zako ilichonacho.

Ila nakubaliana nawe katika hili: kwa hali ya sasa, kwa mtu asiye mgonjwa, ningeshauri tafiti zisizoandika jina popote, zinazofanyika kwa simu au mahali asipolazimika kupita getini na kuonyesha kitambulisho. Kwa mgonjwa hesabu inabadilika. Nimemkalimania mtu mwenye saratani ambaye jaribio la dawa lilikuwa mlango pekee uliobaki wazi kwake. Nisingeweza kumwambia arudi nyumbani ajifiche.

Na ukikaa pembeni kabisa, huenda ukachunguzwa bila kuulizwa. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walitumia rekodi za Medicaid ya dharura za Oregon kuwatambua akina mama wasio na makaratasi, wakaonyesha kwamba watoto wa wale waliostahili hifadhi ya DACA ya mwaka 2012, ile ya walioletwa nchini wakiwa watoto, walipungukiwa na matatizo ya wasiwasi kwa zaidi ya nusu. Matokeo mazuri, na yamesaidia hoja zetu. Lakini hakuna mama hata mmoja aliyebishiwa hodi.

Msomi wa Reading

Niongeze la Uingereza kwa ufupi. Mwaka 2017 kulikuwa na makubaliano ya maandishi ya taasisi ya takwimu za afya kuipa Wizara ya Mambo ya Ndani anwani za wagonjwa kwa ajili ya uhamiaji. Yalisimamishwa mwaka 2018 baada ya kupingwa na madaktari, mashirika na kamati ya Bunge. Huku kwetu watu bado wanakwepa kujiandikisha kwa daktari kwa sababu ya habari hiyo, ingawa makubaliano yenyewe yalikwisha. Mtafiti anayefika leo anavuna hofu ambayo hakuipanda yeye.

Kijana wa Worcester

Shikamoo kaka. Mimi sitaki kuhojiwa, nataka kuwa mtafiti. Nipo mwaka wa tatu wa biolojia, nililetwa nikiwa na miaka sita, na DACA sikuipata.

Mkalimani

Marahaba mdogo wangu. Hapa mlango ni mwembamba zaidi, na sitakudanganya. Ufadhili wa NSF, shirika la serikali kuu linalogharamia sayansi, kwa wanafunzi wa utafiti, ule wa majira ya kiangazi na ule wa uzamili, unataka raia au mwenye ukaazi wa kudumu; programu za mafunzo za NIH ni vivyo hivyo. Kazi ya msaidizi wa maabara inayolipwa mshahara inaangukia sheria ya ajira ya 1986, inayokataza kumwajiri asiye na kibali cha kazi, na chuo kikuu cha California, kilichofikiria kuwaajiri wanafunzi kama wewe, kiliahirisha mpango huo Januari 2024. Kinachobaki ni utafiti unaohesabiwa kama somo na kukupa alama badala ya pesa, na fedha za wafadhili binafsi zinazotolewa kama msaada wa masomo. Zungumza na profesa mmoja unayemwamini, ana kwa ana, si kwa barua pepe ya chuo. Zipo pia kamati za ushauri za jamii katika miradi mingi: wanajamii huketi na watafiti na kuamua maswali gani yaulizwe na yapi yafutwe. Katika kamati ya namna hiyo niliona mama mmoja akifutisha swali la "uliingia nchini kwa njia gani?" kwa kuuliza tu jibu lake litatumika katika jedwali lipi. Hakuna aliyekuwa na jedwali hilo.

Mama Zawadi

Nimerudi kutoa taarifa. Nilipiga ile namba Jumatatu. Walinipa mkalimani kwa simu, mama wa Bukavu, na kumbe fomu ya Kiswahili ilikuwepo, kurasa mbili. Nimeambiwa naweza kuanza upya, na ile fomu ya kwanza itawekwa kando na kuandikwa kwamba haikufuata utaratibu. Nikauliza malipo, wakasema kadi ya duka haihitaji soshali, natia herufi mbili tu za jina. Aya ya kuumia inasema hakuna dawa, ni kupima presha na kuulizwa chakula. Naenda Alhamisi saa nne asubuhi. Mwanangu atabaki shuleni.